Barua ya Wazi: Wastani wa Taifa Unawaficha Watoto wa Iringa, Njombe na Rukwa

Kwa Waheshimiwa Waziri wa Afya, Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, Waziri wa Fedha, Waziri wa Kilimo, na Wakuu wa Mikoa yote ya Tanzania Bara.

YAH: UDUMAVU WA WATOTO KATIKA MIKOA YA NYANDA ZA JUU KUSINI, NA NAMNA FEDHA ZA LISHE ZINAVYOGAWANYWA

Waheshimiwa,

Matokeo ya Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 yalipotangazwa, habari iliyopewa uzito ilikuwa njema na ya kweli. Vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka mitano vilikuwa vimeshuka hadi 43 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, kutoka 67 katika utafiti wa mwaka 2015/16 na 112 katika ule wa mwaka 2004/05. Udumavu nao ulikuwa umeshuka kitaifa, kutoka asilimia 34 hadi asilimia 30. Mimi ni muuguzi niliyetumikia zahanati na vituo vya afya vya Nyanda za Juu Kusini hadi kustaafu, na ninajua ni jasho la watu wangapi lililoingia katika namba hizo, kwa hiyo siandiki ili kuzipunguzia heshima. Ninaandika kwa sababu ya jedwali linalofuata nyuma yake, pale wastani wa taifa unapofunguliwa mkoa kwa mkoa.

Katika jedwali hilo Iringa ina watoto waliodumaa asilimia 57. Njombe na Rukwa kila mmoja una asilimia 50. Dar es Salaam iko chini ya asilimia 20. Nchi ni moja, wizara ni moja, mwongozo wa chanjo na wa kliniki ni mmoja, ila mtoto anayezaliwa Iringa ana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kudumaa kuliko anayezaliwa Dar es Salaam. Hata hivyo, pengo hilo peke yake lisingenifanya niandike barua, maana mapengo kati ya mikoa yamekuwepo tangu tulipoanza kuhesabu. Kilichonisukuma ni mwelekeo. Utafiti wa 2015/16 uliiweka Iringa kwenye asilimia 42. Utafiti wa Kitaifa wa Lishe wa mwaka 2018 uliikuta kwenye asilimia 47. Miaka minne baadaye ikawa 57. Katika kipindi kilekile ambacho taifa lilikuwa linateremka, mkoa huu ulikuwa unapanda, na kupanda huko kukamezwa na wastani uliokuwa unatupendeza.

Mtaalamu wa takwimu atasema kwamba sampuli ya mkoa mmoja ni ndogo, na kwamba namba yake inaweza kuyumba juu au chini kwa pointi kadhaa pasipo lolote kubadilika kijijini. Ni hoja halali. Lakini namba inayoyumba huenda huku na huku, na tafiti hizi tatu mfululizo zimeelekea upande mmoja. Na hata tukiupunguza kila mmoja wa mikoa hii mitatu pointi kumi kwa ajili ya tahadhari, bado itabaki juu ya wastani wa taifa.

Ningeomba kwanza tuelewane juu ya kinachopimwa, kwa kuwa nimewasikia viongozi wengi wakilitaja neno udumavu kana kwamba ni jina jingine la njaa. Mtoto aliyedumaa ni yule ambaye urefu wake uko chini mno kwa umri wake, ukilinganishwa na vigezo vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani. Hakondi, wala tumbo halimvimbi, na mara nyingi analetwa kliniki akiwa amechangamka na mashavu yamejaa. Siku ya kliniki katika zahanati ya kijiji hupita hivi: mizani imeningʼinizwa kwenye boriti ya baraza, mtoto anavishwa ile suruali ya kupimia na kutundikwa akilia, mhudumu anasoma uzito kwa sauti, mwenzake anaweka nukta kwenye kadi, na mama anaambiwa aje tena mwezi ujao. Uzito wa mtoto mfupi unaweza kuonekana mzuri kwa miezi mingi, nukta ikiendelea kukaa kwenye rangi ya kijani. Ubao wa kupimia urefu, ambao mtoto wa chini ya miaka miwili hulazwa juu yake huku mtu mmoja akishika kichwa na mwingine akinyoosha miguu, unahitaji watu wawili na dakika kadhaa kwa kila mtoto. Siku yenye foleni ya akina mama themanini na muuguzi mmoja, ubao huo hukaa stoo, kama zahanati inao. Nimewahi kuutoa siku ambayo watu walikuwa wachache, nikampima mtoto wa karibu miaka miwili ambaye kadi yake ilikuwa ya kijani mfululizo, na urefu wake ukawa wa mtoto wa miezi kumi na minne. Mama yake aliniuliza kama mtoto anaumwa. Hakuwa anaumwa chochote ambacho ningeweza kukiandikia dawa.

Sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea kuanzia mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, zile siku 1,000 ambazo ubongo nao unakua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote. Baada ya hapo urefu uliopotea haurudi kirahisi, na uwezo wa kujifunza uliopotea pamoja nao hurudi kwa shida zaidi. Ndiyo maana chakula cha mchana shuleni, ambacho ni jambo jema nami nakiunga mkono, hakiwezi kuwa jibu la udumavu, kwani kinamkuta mtoto wakati dirisha limeshafungwa.

Sasa nije kwenye swali ambalo kila mgeni wa mikoa hii huuliza: inakuwaje watoto wadumae kwenye ghala la taifa? Iringa, Rukwa, Ruvuma na Mbeya imehesabika kwa miongo mingi kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana maghala Makambako, Songea na Sumbawanga kwa sababu huko ndiko mahindi yaliko. Njombe inatoa viazi, chai na maziwa, na parachichi zake zinasafiri hadi nje ya nchi. Jibu linalotolewa majukwaani ni kwamba watu wa huku wana chakula ila hawana elimu ya lishe. Nimelisikia jibu hilo mara nyingi kiasi kwamba naomba ruhusa ya kulipinga kwa kirefu, maana ndilo lililotufikisha hapa.

Mvua za Nyanda za Juu huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo mama hutoka alfajiri kwenda shambani, na mashamba ya wengi yako mbali na nyumbani. Mtoto wa mwezi mmoja au miwili hubebwa mgongoni. Wa miezi tisa amekuwa mzito wa kubebwa kutwa nzima kwenye palizi na hawezi kuachwa peke yake kwenye tuta, kwa hiyo hubaki nyumbani na dada yake wa miaka saba au na bibi. Uji hupikwa mara moja asubuhi, mwepesi ili unywewe kwa kikombe, nao huachwa kwenye sufuria hadi mama arudi jioni. Mwongozo unasema mtoto wa miezi tisa hadi ishirini na mitatu ale milo mitatu au minne mizito kwa siku, pamoja na kitafunwa kati ya mlo na mlo, kwa sababu tumbo lake ni dogo na haliwezi kupokea kwa mkupuo mmoja kinachomtosha kutwa. Mama huyo ameusikia mwongozo huo kliniki na anaweza kuwatajia nyote makundi ya vyakula bila kukosea. Kinachokosekana ni mtu mzima wa kumlisha mtoto saa nne asubuhi na saa nane mchana, kuanzia Desemba hadi Aprili, na hakuna bango wala somo linaloweza kuziba nafasi ya mtu huyo.

Liko pia suala la kinachobaki nyumbani baada ya mavuno. Kaya inayolima kwa mbolea ya kununua ina deni kabla haijavuna, na ada na mahitaji ya shule yanasubiri. Maharage yanauzwa, mayai yanauzwa, maziwa yanaenda kwa mnunuzi asubuhi, parachichi zinapakiwa kwenye lori. Hakuna anayefanya hivyo kwa ujinga, kwani vyakula vyenye faida kubwa kwa mwili wa mtoto ndivyo hivyohivyo vyenye bei nzuri sokoni, na mama anapotakiwa kuchagua kati ya yai la mtoto mdogo na daftari la mkubwa, mara nyingi si yeye hata anayeachiwa kuchagua. Kinachobaki ni mahindi. Nayo yakikobolewa kuwa sembe hupoteza kiini na pumba, pamoja na sehemu kubwa ya vitamini na madini. Kanuni za kuongeza virutubishi kwenye vyakula za mwaka 2011 ziliwekwa kwa ajili ya viwanda, na zimesaidia watu wa mijini wanaonunua unga wa mifuko, lakini mkulima wa Nyanda za Juu husaga mahindi yake mwenyewe kwenye mashine ya kijijini, ambako mchanganyiko wa virutubishi haufiki. Na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu. Mlipuko wa sumukuvu wa mwaka 2016 uliotokea Dodoma na Manyara tuliuona kwa sababu uliua, ila kiasi kidogo kinacholiwa kila siku na mtoto ambaye uji wake wote ni wa mahindi hakiui na hakionekani, ingawa kimehusishwa na kudumaa kwa ukuaji.

Magonjwa yanaongeza mzigo. Utafiti wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2022/23 ulikuta maambukizi ya asilimia 12.7 Njombe na asilimia 11.1 Iringa miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Mama anayeishi na virusi anaweza kumzaa na kumnyonyesha mtoto asiye na maambukizi, na huduma hiyo tumeifanya vizuri, lakini nyuma ya takwimu hiyo kuna watoto waliozaliwa na uzito mdogo na watoto wanaolelewa na bibi wasio na nguvu ya kulima wala ya kupika mara nne kwa siku. Kwingineko katika ukanda huuhuu, wasichana wanabeba mimba kabla miili yao wenyewe haijamaliza kukua: kitaifa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata ujauzito kwa mujibu wa utafiti wa 2022, na Songwe ilikuwa asilimia 45, Rukwa asilimia 30. Tena kuna mtoto anayetambaa kwenye ua ambamo kuku na mbuzi hulala, akiokota kila kitu na kukipeleka mdomoni. Hata asipoharisha, utumbo wake huchubuliwa kidogokidogo na vijidudu anavyomeza, na chakula kizuri anachopewa hakifyonzwi ipasavyo.

Juu ya haya yote naomba niseme wazi kwamba lawama dhidi ya akina mama ikome kutolewa na watu wenye dhamana. Nimewasikia wakuu wakisimama mbele ya hadhara na kusema kwamba tatizo ni uvivu na ulanzi, ile pombe ya mianzi. Ulevi upo, unaumiza watoto, nami nimewahi kumshonea mtoto jeraha lililotokana nao. Lakini pombe inanywewa pia katika mikoa ambayo udumavu wake ni nusu ya huu, na mwanamke anayeamka saa kumi usiku kuchota maji, akalima hadi jioni na kurudi na mzigo wa kuni kichwani, hawezi kuitwa mvivu na mtu anayemheshimu. Matokeo ya maneno hayo niliyaona mlangoni mwa zahanati: mama ambaye mtoto wake ni mfupi huacha kuja kliniki, kwa kuwa hataki kusimangwa.

Waheshimiwa, mkoa huu uliwahi kuifundisha dunia kuhusu jambo hilihili. Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe wa Iringa, uliosimamiwa na Serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia, katika vijiji 168, kisha ukapanuliwa. Iringa ya wakati huo ilijumuisha pia eneo ambalo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Njombe. Kiini chake hakikuwa chakula cha msaada. Watoto walipimwa kijijini kila baada ya miezi mitatu, na majibu yakabaki kijijini: yalisomwa mbele ya serikali ya kijiji, ambayo ilitakiwa kuuliza kwa nini mtoto wa fulani ameshuka, kuamua la kufanya kwa uwezo uliopo, na kuangalia baada ya miezi mitatu kama uamuzi ulifaa. Vijiji vilianzisha vituo vya kulishia watoto wakati wazazi wako shambani, vikawapa kazi wahudumu wao wenyewe wa afya, na vikajadili mzigo wa kazi wa wanawake kama jambo la mkutano wa kijiji badala ya siri ya ndoa. Utapiamlo mkali ulipungua sana katika muda mfupi. Fikra iliyotokana na kazi hiyo, kwamba utapiamlo una sababu za karibu katika mlo na magonjwa, sababu za chini yake katika malezi, chakula cha kaya na huduma, na mizizi katika uchumi na mamlaka, ndiyo iliyoingia katika mfumo wa uchambuzi wa UNICEF wa mwaka 1990, ambao hadi leo unafundishwa katika vyuo vya afya duniani kote. Inaniuma kuona kwamba wanafunzi wa nchi za mbali wanaujifunza mfumo uliokulia Iringa, na Iringa yenyewe ndiyo inayoshika mkia.

Hatujakosa mipango. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ipo tangu mwaka 1973. Tuna Mpango Jumuishi wa Kitaifa wa Lishe, wa kwanza ukiwa wa 2016/17 hadi 2020/21, na wa pili ulioufuata. Tuna mikataba ya lishe ambayo wakuu wa mikoa wameisaini mbele ya viongozi wakuu wa nchi. Tuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo ikifanyika kama ilivyoandikwa inafanana sana na ule utaratibu wa miaka ya themanini. Kilichopungua ni kukubali kwamba mikoa haifanani, na kuziacha fedha zifuate tofauti hiyo.

Chukueni agizo la halmashauri kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani. Lilikuwa agizo zuri, kwa sababu kabla yake halmashauri nyingi hazikutenga kitu. Lakini shilingi 1,000 kwa mwaka haifiki shilingi tatu kwa siku kwa mtoto mmoja, na ni shilingi ileile mahali ambapo mtoto mmoja kati ya sita amedumaa na mahali ambapo wamedumaa zaidi ya nusu. Zaidi ya hapo, chanzo chake ni mapato ya ndani, kwa hiyo manispaa yenye viwanda na maduka inaitoa bila kutetereka, wakati halmashauri ya vijijini inayotegemea ushuru wa mazao huisubiri hadi msimu uishe. Kanuni ya kugawa ruzuku ya afya iliyoanza kutumika mwaka 2004 iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 70, na vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano, umaskini na umbali wa kusambaza huduma asilimia 10 kila kimoja. Udumavu haukuwekewa uzito wowote. Mkoa ambao watoto wake hawafi kwa wingi lakini hawakui, kanuni hiyo haikuuona.

Ninajua pingamizi litakalokuja kutoka Kanda ya Ziwa na Magharibi, nalo ni la haki. Kwa sensa ya mwaka 2022, Tabora ina watu takriban milioni 3.4 na Iringa milioni 1.2. Udumavu wa Tabora ni karibu theluthi moja ya watoto, kwa hiyo watoto waliodumaa Tabora ni wengi kuliko wa Iringa, ingawa kiwango chake ni cha chini. Tabora hiyohiyo ilikuwa na maambukizi ya malaria ya asilimia 23 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote, wakati Iringa na Njombe hayafiki asilimia moja. Siombi mtoto wa Tabora anyangʼanywe chochote ili apewe wa Iringa. Idadi ya watoto iamue ukubwa wa fungu, na kiwango cha udumavu kiamue nyongeza kwa kila mtoto, kwa sababu mahali ambapo zaidi ya nusu wamedumaa tatizo haliko tena kwa kaya chache zenye shida ambazo muuguzi anaweza kuzitembelea, limekuwa ndiyo hali ya kijiji kizima.

Jambo hili linawezekana, kwa kuwa wizara yenyewe imeshalifanya kwenye malaria. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria umezigawa halmashauri kwa kiwango cha maambukizi, kuanzia makubwa hadi madogo sana, na kila kundi likapangiwa afua zake. Hakuna aliyelalamika kwamba Njombe haipati kilekile kinachopelekwa Tabora. Naomba udumavu upewe utaratibu huohuo, na ninaposema naomba, ninamaanisha mambo ambayo yanaweza kuingia kwenye kitabu cha bajeti.

La kwanza kwa uzito ni urefu wa watoto kujulikana kwa ngazi ya halmashauri. Tafiti zetu kubwa zinaishia ngazi ya mkoa, na ndani ya mkoa mmoja kuna manispaa yenye hospitali ya rufaa na kuna kata ambayo barabara yake hukatika masika. Kila zahanati ya mikoa yenye udumavu wa asilimia 40 na kuendelea ipate ubao wa kupimia urefu na mtu wa pili wa kuutumia, walau kwa watoto wanaotimiza mwaka mmoja na miaka miwili. Serikali ilizindua mwaka 2024 mpango wa kuwatumia wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa kipindi cha miaka mitano. Hao ndio watu wa pili ninaowazungumzia, mradi walipwe kwa wakati na wapangwe kwa wingi pale ambapo watoto hawakui. Kisha urefu huo usomwe kijijini kabla haujasomwa Dodoma.

Kwenye mkataba wa lishe, vigezo vingi hupima kilichofanyika: fedha zilizotengwa, vikao vilivyokaliwa, matone ya vitamini A yaliyotolewa. Mkoa unaweza kung'ara kwa rangi ya kijani kwenye kadi ya alama huku watoto wake wakizidi kuwa wafupi. Urefu wa watoto wa miaka miwili uwe kigezo chenye uzito kuliko vyote, na mkuu wa mkoa aulizwe hicho kwanza.

Jambo ambalo halijawahi kuwekwa kwenye bajeti yoyote ya lishe niliyowahi kuiona ni muda wa mama. Fedha za nyongeza zitumike kuendesha vituo vya kulelea watoto vijijini katika msimu wa kilimo, Desemba hadi Aprili, chini ya usimamizi wa serikali ya kijiji, vikiwa na watu wazima wanaolipwa, jiko, maharage na maziwa yanayonunuliwa kwa wakulima wa kijiji hichohicho. Waziri wa Kilimo ninamtaja hapa kwa makusudi. Maofisa ugani wake wanafika mashambani ambako wauguzi hatufiki, na mashine za kupandia na kupalilia, kama zingepelekwa kwanza kwa vikundi vya wanawake wenye watoto wachanga, zingefanya kazi ya lishe kuliko semina nyingi nilizohudhuria. Kwa mashine za kusaga za vijijini, kazi ni kuzipatia vifaa vidogo vya kuchanganya virutubishi na kuulipia mchanganyiko wenyewe, kwa kuwa mwenye mashine hatamwongezea mteja bei kwa kitu asichokiona. Maji ya bomba karibu na nyumba na vyoo bora ni vya wizara nyingine, nami sina la kuongeza ila kwamba kata zenye udumavu mkubwa zitangulizwe kwenye orodha.

Nimeiandika barua hii kwa wazi kwa sababu taarifa za ndani nimeshaziandika katika miaka yangu ya kazi, kama walivyoandika wenzangu wengi, na ziliishia kwenye mafaili ya halmashauri. Tunaomba jibu nalo liwe la wazi, litolewe kabla ya bajeti ya mwaka wa fedha ujao kusomwa bungeni, na lionyeshe kiasi ambacho kila mkoa umetengewa kwa kila mtoto kwa ajili ya lishe, pembeni ya kiwango cha udumavu cha mkoa huo. Kama ipo sababu ya Iringa, Njombe na Rukwa kuendelea kupewa sawa na mkoa wenye theluthi ya tatizo lao, basi tuelezwe sababu hiyo, kwa namba, na jina la ofisi iliyoamua.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi mstaafu, Nyanda za Juu Kusini